Mwalimu aliyeokoka na hasira za darasani: jibu langu, ni refu kidogo

Bwana Yesu asifiwe, mwalimu mwenzangu. Umesema umeokoka, unaimba kwaya, umeombewa "pepo la hasira" likutoke, na bado wiki iliyopita ulimchapa mtoto wa darasa la nne mpaka ukauogopa mkono wako mwenyewe. Unauliza kama wokovu wako una kasoro. Mimi nimefundisha shule za msingi za serikali tangu ujana na sasa nasubiri kustaafu, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Hilo pepo nina shaka nalo. Mwalimu mkuu akikufokea mbele ya wenzako, unampiga? Afisa elimu kata akikudhalilisha kwa sababu ya andalio la somo, unamkaba? Thubutu. Unasema "sawa mkuu" na unameza. Kumbe breki unazo, tena zinashika vizuri. Zinashika kwa anayeweza kukuharibia kazi, zinakatika kwa mtoto asiye na la kukufanya. Pepo linalojua vyeo vya watu sijapata kuliona.

Hata Daudi alikuwa hivyo. Soma 1 Samweli 24 hadi 26 kwa mfululizo, usikatishe. Sura ya 24 mfalme Sauli, anayemwinda Daudi, anaingia pangoni, Daudi anaweza kumuua, anaishia kukata upindo wa vazi lake. Sura ya 26 anamwacha tena. Katikati, sura ya 25, Nabali mwenye kondoo 3,000 anawatukana vijana wa Daudi na kuwanyima chakula, na Daudi yuleyule anajifunga upanga, anatoka na watu 400, ameapa kwamba hadi asubuhi hatabaki mwanamume hai katika nyumba ile. Mfalme, masihi wa Bwana, alimstahi. Mfugaji mwenye mdomo mchafu hakumwona wa kustahiwa. Aliyeizima hasira ile ni Abigaili, mke wa Nabali, aliyemwahi njiani na punda wenye mikate, divai na nyama, akasema naye mpaka akapoa. Na Daudi alimshukuru waziwazi kwa kumzuia asimwage damu.

Tangu nilipoisoma hivyo, sala yangu ilibadilika. Badala ya "Bwana niondolee hasira" nilianza kuomba nipate Abigaili. Nikampata darasa la jirani, mama mmoja Mlutheri. Tukakubaliana kwamba akisikia sauti yangu imevuka ukuta, aje mlangoni kuomba chaki. Chaki anazo. Natoka nampa, tunasimama barazani, ananiuliza habari za nyumbani, nikirudi ndani namkuta mtoto wa miaka tisa aliyesahau daftari, basi. Nami nilimfanyia yeye vilevile. Wanafunzi waliamini shule haina chaki (na mara nyingine ilikuwa kweli). Ukiniuliza Roho Mtakatifu alikuwa wapi, nitakwambia ndiye aliyekuwa anamtuma yule mama.

Fimbo usiingie nayo darasani. Kanuni za viboko za Tanzania za mwaka 2002 zinampa mwalimu mkuu mamlaka hayo, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa kosa kubwa tu, visizidi vinne, na iandikwe kitabuni. Walimu wengi wanaona ni usumbufu. Mimi naushukuru usumbufu huo. Mpaka ufike ofisini na ueleze kosa kwa mdomo wako, hasira imeshapungua. Kuna siku nimefika mlangoni nikakosa cha kueleza, nikageuza. Najua atakuja mtu hapa na Mithali 13:24, kwamba asiyetumia fimbo humchukia mwanawe. Mstari huo unamsema "yeye ampendaye". Aliyeamka na deni la mkopo hatajwi.

Na deni ndilo la kuangalia. Hasira inayokupanda saa nne asubuhi mara nyingi umetoka nayo nyumbani: makato ya mshahara, usingizi haukutosha, hujanywa hata uji, halafu wanafunzi tisini wanakusubiri. Kuhusu kufunga, mchungaji wangu aliniambia nifunge Jumamosi, siku za kazi nile. Wapo watakaosema huo ni ulegevu. Waje wafundishe hesabu darasa la nne saa saba mchana bila kula, halafu tuzungumze.

Aliyekuonea mpeleke kwa Mungu kwa jina lake kabla hujalala, bila kupamba maneno. Zaburi ya 109 mtu anaomba siku za adui yake ziwe chache, na imo kwenye Biblia ileile tunayobeba kwaya. Nilikuwa naisoma kwa sauti njia ya shambani, juu ya mtu aliyenizungusha malimbikizo yangu, mpaka maneno yananiishia. Kesho yake sikuwa na kitu cha kuwalipiza watoto.

Ila hayo yote yasubiri. Huyo mtoto kwanza. Kama ana alama au analalamika maumivu, apelekwe zahanati leo, na gharama iwe yako. Nenda kwao mwenyewe kabla mzazi hajasikia kwa majirani, na mwalimu mkuu umweleze ulivyofanya, bila "lakini alinichokoza". Halafu umwombe mtoto radhi mbele ya darasa, kwa kuwa mbele ya darasa ndipo ulipompigia. Utaogopa kwamba watakudharau. Darasa langu halikunidharau. Nilichokiona ni kwamba waliosahau daftari walianza kuniambia wenyewe kabla sijauliza.

Ukishatoka huko kwao, rudi hapa uendelee kuuliza.