Karatasi isiyolowa mafuta imepakwa nini?

Nakaanga chipsi Sinza. Nimeacha plastiki, sasa nafungia kwenye mifuko ya karatasi isiyolowa mafuta. Muuzaji anasema ni rafiki wa mazingira. Ni salama?

Karatasi hulowa mafuta, muulize yeyote anayefungia vitumbua kwenye gazeti. Isipolowa, kuna kitu imefanyiwa. Huenda ni nta, au imebanwa tu sana kiwandani, au imepakwa PFAS, zile ziitwazo kemikali za milele: kifungo cha kaboni na florini ndani yake hakivunjiki kirahisi, si mwilini wala ardhini. Denmark ilizipiga marufuku kwenye vifungashio vya karatasi vya chakula Julai 2020. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuwa dawa hizo za kuzuia mafuta haziuzwi tena huko kwa kazi hiyo. Ulaya nayo imeweka ukomo Agosti 2026. Mzigo unaokataliwa kwao hauchomwi moto, unatafutiwa soko, na hofu yangu ni kwamba soko lenyewe ni sisi.

Dondoshea karatasi yako tone la mafuta ya kula. Likinywewa, afadhali. Likijiviringa kama shanga na kuteleza, itilie shaka. Hicho si kipimo cha maabara, lakini nakiamini kuliko maneno ya muuzaji. Mwombe na cheti, uone atakavyobadilisha mada.

Maji yenye PFAS yakichemshwa, zinakufa?

Si vijidudu hizo. Maji yanapungua, zenyewe zinabaki.

Nafunika wali kwa nailoni ili uive vizuri. Kuna ubaya?

Jamani, tena! Plastiki ikipata joto hutoa chembe na kemikali zake, na wewe umeipa mvuke nusu saa juu ya chakula cha watoto. Tumia jani la mgomba, au mfuniko mzito. Na chai ya moto kwenye mfuko je? Jibu ni hilohilo, usiniandikie wiki ijayo.

Ni kweli samaki wa Ziwa Victoria wana plastiki?

Kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichukua sangara na sato wa sokoni Mwanza, na katika kila aina, mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Utumbo wa sangara hutupwa, kwa hiyo minofu hainipi presha sana. Dagaa ndio wananifikirisha, maana tunawala wazima. Sisemi uwaache, mtoto akikosa dagaa, hasara yake utaiona mapema zaidi. Ila wanaouliza habari za samaki ni wengi, na sijapata hata mmoja anayeuliza mtaro wa mtaa wake unamwaga wapi.

Mifuko mbadala ikichakaa, niichome au niifukie?

Usichome. Wengi mnadhani ile ni kitambaa, kumbe ni nyuzi za polipropilini, plastiki halisi. Tuliaga rambo tarehe 1 Juni 2019 kwa vigelegele, tukapokea hii inayomumunyuka juani na kugeuka vumbi la plastiki. Peleka kwa wanaozoa taka, kisha shona kikapu au kanunue cha ukindu.

Kikaango changu kisichogandisha kimechubuka. Nikitupe?

Kitupe. Na hata kikiwa kizima usikiache kitupu motoni, maana kikipita nyuzi 260 hutoa moshi wenye sumu. Huna haja ya kingine, lile kaango la chuma la chapati linatosha.