Miezi minane baada ya talaka bado nalia. Je, nimekwama?

SWALI: Nilidai talaka mwenyewe baada ya miaka 11 ya ndoa. Sasa ni mwezi wa nane. Kuna siku naamka mzima kabisa, kisha nikisikia sauti yake kwenye simu akiwaulizia watoto, nalia mpaka usiku. Mtu mmoja anayefundisha mtandaoni ameniambia nimekwama kwenye hatua ya tatu ya majonzi, na kwamba programu yake ya siku 21 itanifikisha kwenye kukubali. Ni kweli?

JIBU: Hujakwama, dada yangu. Na fedha zako usimpe.

Hizo hatua tano za majonzi (kukana, hasira, kutafuta mapatano, huzuni nzito, kukubali) nazisikia karibu kila wiki, mtu kaketi mbele yangu anazihesabu kama vituo vya basi. Zinatokana na kazi ya daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross, aliyeziandika mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Hakuwa akichunguza watu waliotalikiana, na hatua hizo hazikukusudiwa kuwa ratiba. Hiyo ya tatu ni ile ya mgonjwa kutafuta mapatano ili aongezewe muda. Mwanamke aliyedai talaka, na hajaomba kurudi, anakwamaje hapo?

Unayoyaeleza, leo mzima kesho machozi, ndiyo mwendo wa kawaida wa majonzi. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mtu aliyefiwa na mwenzi wake hupokezana: mara anaukabili msiba, mara anauacha na kushughulikia maisha yaliyobaki, kisha anarudi tena. Waliandika juu ya wafiwa, lakini kwa waliotalikiana nauona mpokezano huohuo, tena wenye ugumu wake. Mfiwa amezika. Wewe unayemwomboleza anapiga simu.

Kwa hiyo anzia kwenye simu. Mambo ya ada, ya afya, ya nani anawachukua watoto lini, yaandikwe kwa ujumbe na uyajibu kwa saa uliyopanga. Watoto wakitaka kuongea na baba yao waongee wenyewe, wewe ukiwa chumba kingine. Hilo halimnyimi mtu haki yake, na linakupa jioni zako.

Wengi waliodai talaka huona aibu kulia, kana kwamba machozi yanathibitisha walikosea. Unalilia miaka 11 na nyumba uliyodhani utazeekea. Unaweza kuyalilia hayo na uamuzi wako ukabaki sahihi.

Kinachonikera zaidi ni imani kwamba kupona ni kusahau. Wauzaji wote husimama juu yake: choma picha, futa namba, tafuta mwingine haraka, hesabu siku 21. Siku ya 22 mtu anasikia wimbo waliokuwa wakiupenda, analia, na sasa ana mzigo wa pili: anaamini ana kasoro, maana wenzake "walifaulu". Hao ndio wanaonifikia wakiwa wamechoka, na akiba imekwisha. Wengine wamepitia kwanza kwa wauza dawa ya kumrudisha mume, ambao bei yao hupanda kila dawa isipofanya kazi.

Majonzi ya kawaida hukuachia nafasi ya kucheka na kupumzika katikati. Ukipitisha wiki mbili karibu kila siku huna hamu ya chochote, huli, hulali, kazi imekushinda, muone daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni. Wazo la kujidhuru halisubiri wiki mbili. Nenda hospitali siku hiyohiyo, usiende peke yako.

Neno moja kwa wanaotumia vidonge vya usingizi au vya wasiwasi: baadhi huzoesha mwili ndani ya wiki chache, na kuviacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Mtu akikuambia uvitupe uanze programu yake, mwondokee. Vipunguzwe taratibu, na daktari aliyekuandikia.