Maswali na Majibu: Rolling Stones na albamu ya uzeeni

Tangu niitaje Hackney Diamonds kwenye safu hii, simu haipumziki. Kwa aliyepitwa: ni albamu ya Rolling Stones, bendi ya roki ya London iliyoanza 1962. Ilitoka tarehe 20 Oktoba 2023, huku kwetu watu wakiwa mashambani wanaokota korosho. Siku hiyo mwimbaji Mick Jagger alikuwa na miaka 80, Keith Richards wa gitaa alibakiza kama miezi miwili kuifikisha, na mdogo wao Ronnie Wood alikuwa na 76. Maswali ni mengi, nafasi ni hii. Wanaouliza kama roki ni muziki wa mashetani nimewaruka.

Mjomba, shikamoo. Wazee wa miaka themanini wanatafuta nini studio? Si wapumzike wale pensheni yao? (Kijana wa Chuno, Mtwara)

Marahaba. Shida ya hela hawana. Hela yao iko kwenye ziara za viwanjani, na huko mashabiki wanataka nyimbo za miaka ya sitini na sabini. Wangeweza kumalizia maisha yao na Satisfaction ya 1965 na hakuna ambaye angedai kiingilio chake. Ndiyo maana albamu hii ilichukua muda. Albamu yao ya mwisho yenye tungo zao wenyewe ilikuwa A Bigger Bang ya 2005. Ile ya 2016, Blue & Lonesome, ilikuwa nyimbo za blues za watu wengine. Katikati hapo walikuwa wanaingia studio, wanaanza, wanaacha. Mwisho Jagger akaweka tarehe: Siku ya Wapendanao 2023 kazi iwe imekwisha. Wakamchukua prodyuza kijana, Andrew Watt, aliyezaliwa 1990, na sehemu kubwa ikarekodiwa kwa wiki chache tu. Ukiusikiliza Angry, wimbo wa kwanza, unasikia kabisa watu walioambiwa muda umebaki mdogo. Kwangu hilo limewafaa.

Nimesoma kuwa mpiga dramu wao alishafariki, lakini jina lake limo kwenye albamu. Inawezekanaje? Ni akili mnemba? (Fundi redio, Lindi mjini)

Si akili mnemba. Charlie Watts alifariki tarehe 24 Agosti 2021, akiwa na miaka 80. Nyimbo mbili, Mess It Up na Live by the Sword, alikuwa amezipigia dramu mwaka 2019 kwenye vikao ambavyo havikuzaa albamu. Wewe fundi utanielewa: studio kila chombo kina njia yake. Unaweza kufuta gitaa na sauti zote, ukaacha dramu peke yake, ukaanza kujenga upya juu yake.

Kwenye Live by the Sword wakafanya jambo lililonigusa zaidi. Walimwita Bill Wyman, mpiga besi wao wa zamani aliyeondoka kwenye bendi 1993, akaja kuweka besi juu ya dramu za Charlie. Hao wawili ndio waliobeba mdundo wa Stones kwa takriban miaka 30. Piano humo anapiga Elton John, lakini mimi namsahau kila mara, nasikiliza chini tu.

Tofauti utaisikia ukiulinganisha wimbo huo na zile alizopiga Steve Jordan, ambaye Charlie mwenyewe alimridhia ashike nafasi yake mwaka 2021 alipougua. Jordan ana mkono mzito na hakosei. Charlie alikuwa na kawaida ya kukaa nyuma kidogo ya gitaa. Bendi nyingi gitaa hufuata dramu. Kwa Stones dramu ilimfuata Keith. Aliyewahi kusimama karibu na sindimba inapokolea amemwona mpigaji wa namna hiyo: mikono yake haitazami, macho yako kwenye kiuno cha mchezaji. Mtu hajifunzi hilo kwa mwezi mmoja.

Kutoa kazi ya marehemu si jambo geni pia. Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, alifariki Novemba 1991, na bendi yake, Queen, wakaitoa albamu ya Made in Heaven mwaka 1995 wakitumia sauti alizoacha.

Sauti ya Jagger ni yake kweli? Babu yangu ana umri huohuo, hata kuadhini imemshinda. (Msomaji, Kilwa Masoko)

Ni yake. Mwili ameutunza kama mwanariadha, na studio unaimba mstari mara kumi, wanachagua uliokaa vizuri. Nisichokipenda ni usafi. Prodyuza Watt amesugua kila kitu mpaka kinang'aa, sauti imesogezwa mbele kabisa, na kuna nyimbo pale katikati ambazo ningezidhania za bendi yoyote yenye hela. Hata Paul McCartney wa Beatles alipokuja kupiga besi kwenye Bite My Head Off, ndiyo, furaha ipo, ila baada ya kusikia mara kadhaa nabaki na habari kuliko wimbo. Tuzo ya Grammy ya albamu bora ya roki waliipata Februari 2025. Mimi nabaki na langu.

Uzee wenyewe haukufichwa, lakini. Richards aliiambia BBC mwaka huohuo wa 2023 kwamba baridi yabisi imembadilisha upigaji wake wa gitaa. Msikilize anapoimba mwenyewe Tell Me Straight: pale hakuna aliyepiga pasi.

Napiga gitaa la rithimu kanisani. Nikijaribu nyimbo za Keith kodi zangu (noti zinazopigwa pamoja) ni zilezile lakini mlio haufanani. Nakosea wapi? (Ligula, Mtwara)

Kodi si zilezile. Nyimbo zake nyingi tangu mwishoni mwa miaka ya sitini anazipiga kwa nyuzi tano. Uzi mnene kabisa, ule wa E, utoe. Wa A ushushe mpaka G. Wa D, G na B ziache zilivyo. Ule mwembamba wa E ushushe mpaka D. Ukizipiga zote bila kubonyeza popote unapata kodi ya G, na kidole kimoja kikilala juu ya nyuzi zote kinakupa kodi nyingine kila unapopanda. Vidole vilivyobaki ndivyo vinavyofanya yale mapambo yake. Jaribu na Start Me Up kwanza.

Halafu badilisha nyuzi, ndugu yangu. Kwa chumvi hii ya Shangani na Ligula, nyuzi zikikaa mwaka mzima hata Keith mwenyewe angelia.

Mwanangu, mjukuu wangu anasikiliza hayo makelele yenu kwa hedifoni usiku kucha. Hataharibika masikio? (Bibi, Mikindani)

Shikamoo bibi. Ataharibika, ndiyo. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya roki ya AC/DC, alilazimika kuacha ziara mwaka 2016 kwa sababu madaktari walimwonya angeweza kuwa kiziwi kabisa. Alirudi na albamu ya Power Up mwaka 2020, kwa msaada wa vifaa ambavyo mjukuu wako hana. Mnyang'anye.

Mbona unasifia wazungu tu? Msondo Ngoma si wakongwe vilevile? (Shabiki wa dansi, Masasi)

Vilevile kabisa. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ilianza 1964, miaka miwili tu baada ya Stones, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Imewazika waimbaji wake: imemzika TX Moshi William, imemzika Muhidin Gurumo aliyefariki Aprili 2014, na jina liko palepale.

Ila angalia njia walizopita. Bendi zetu zilirekodi RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), nyimbo zikakaa kwenye tepu za redio, na santuri zilipotolewa zilifyatuliwa Nairobi kwa sababu kwetu hakukuwa na kiwanda. Vyombo vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, hakuwa na albamu. Sasa mzee wa namna hiyo akifika miaka 70, nani atamlipia wiki sita za studio? Uwezo wa kutunga wanao. Jagger analipwa mrabaha wa nyimbo zake za tangu ujana, zinamlisha mpaka leo. Hapo ndipo tofauti ilipo, na chama cha wanamuziki kingenisikiliza ningesema mengi zaidi.

Kuna Waafrika wanaopiga roki kweli au ni mambo ya Ulaya? (Mwanafunzi, Nachingwea)

Wapo, na ni majirani zako. Zambia miaka ya sabini ilikuwa na wimbi zima la roki, wanaliita Zamrock. Rais Kaunda aliagiza redio ipige asilimia 95 muziki wa nyumbani, vijana wa mijini wakachukua gitaa za umeme na kuchanganya na midundo yao. Bendi kubwa ilikuwa WITCH. Mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, anaitwa Jagari. Ndiyo, ni Jagger huyuhuyu, ameingizwa Zambia kwa herufi zetu.

Bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukayumba, na baadaye UKIMWI ukawamaliza wengi wa wenzake. Jagari akaenda kuchimba vito. Mwaka 2023, miezi michache kabla ya Stones, WITCH wakatoa Zango, albamu yao ya kwanza baada ya karibu miaka 40. Yumo yeye, yumo Patrick Mwondela wa kinanda aliyejiunga nao miaka ya themanini, na vijana kutoka Ulaya wanaopiga gitaa, besi na dramu. Sampa the Great, mzaliwa wa Zambia, anaimba nao kwenye Avalanche of Love.

Ukinibana nichague kati ya hizi mbili, nachukua Zango. Ina kingo ambazo hazijasuguliwa, na Jagari haimbi kama kijana, anaimba kama mtu aliyechimba mawe.

Bando langu ni la kuhesabu. Nipe nyimbo tatu tu za Hackney Diamonds. (Dereva wa bodaboda, Newala)

Sweet Sounds of Heaven, wenye Lady Gaga, na Stevie Wonder kwenye vinanda; unazidi dakika saba, kwa hiyo usiufungulie video. Live by the Sword, kwa sababu nilizoeleza juu. Kisha wa mwisho kwenye albamu, Rolling Stone Blues. Huo Muddy Waters, mwanablues wa Marekani, aliurekodi 1950, na ndiko bendi ilikotoa jina lake. Jagger alikuwa amebeba santuri za Muddy Waters na Chuck Berry siku alipokutana na Richards kituo cha treni cha Dartford, mwaka 1961. Kwenye rekodi hii wako Jagger na Richards peke yao, gitaa moja na harmonika, na Watt kwa mara moja ameweka kitambaa chake chini. Haufiki dakika tatu, bando litatosha hata kuurudia.