Wadogo zangu, kabla hamjabadilisha viatu vya breki

Wiki hii nimeona gurudumu la nyuma la pikipiki moja ya Boxer likifunguliwa mara tatu hapa garajini Ndosho, Goma, na mara zote tatu kijana ameweka viatu vipya vya breki. Motari, dereva wa pikipiki hiyo, anarudi: breki bado inatetemeka. Kijana ananiambia: "Mkubwa wangu, labda hivi viatu ni feki." Hapana, mdogo wangu. Viatu havina kosa. Hujaiuliza pikipiki hata swali moja.

1. Ipande mwenyewe. Kanyaga breki ya nyuma polepole. Pedali ikikupiga mguuni tup, tup, tup, kwa kufuata mzunguko wa gurudumu, ngoma, lile bakuli la chuma ambalo viatu vinabana ndani yake, imepoteza uduara. Mtetemo wa harakaharaka wenye kelele, kuna kitu kimelegea. Ikitetemeka hata usipokanyaga, achana na breki: tafuta beringi, rimu, tairi.

2. Weka stendi kubwa, shika tairi, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, ni beringi au bushi za uma wa nyuma. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyolegea inatoa sauti nzito. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Mei 2021 ilipokata barabara ya Rutshuru, pikipiki zilizopita juu ya yale mawe zilituletea spoki za kila namna, na hapo nilijifunza kwamba ukikaza za upande mmoja tu unaivuta ngoma inakuwa yai. Kaza zote kwanza, kukereza ngoma baadaye. Na usome kipimo cha mwisho kilichoandikwa kwenye ngoma. Ikishapita hapo, itupe.

3. Mkono wa sahani ya breki. Hapa nivumilieni.

Nilikuwa na miaka miwili kazini. Motari mmoja, baba wa watoto, alikuwa anabeba kabichi kutoka Kibumba. Breki yake ya nyuma ilitetemeka. Nikafungua, nikakuta viatu vinang'aa, nikavipiga msasa, nikafunga. Siku nne akarudi. Nikaweka viatu vipya. Mara zote mbili niliufungua ule mkono wa chuma unaoizuia sahani inayobeba viatu isizunguke na gurudumu, na mara zote mbili niliurudisha bila kuutazama. Tundu lake lilikuwa limelika, limekuwa refu kama jicho, na boliti inacheza ndani. Tetemeko lote lilikuwa pale. Mara ya pili pini inayoizuia nati ya boliti ile isifunguke ilikatikia mkononi mwangu. Nikasema nitaweka nyingine kesho.

Alikuwa anashuka kutoka Munigi, mvua inanyesha, magunia mawili nyuma. Nati ilikuwa imeshadondoka njiani. Alipokanyaga breki, sahani ikazunguka pamoja na ngoma, ikaikunja fimbo ya breki kama waya, gurudumu likafunga. Alivunjika bega. Mimi ndiye niliyekwenda kuichukua pikipiki, nikaliona lile tundu tupu, kingo zake zinang'aa kwa kusuguliwa.

Miezi miwili hakufanya kazi. Mke wake alikuja garajini. Hakugombana. Aliniuliza tu: "Ulipofungua, uliona nini?" Sikuwa na jibu, maana sikuangalia.

Tangu siku ile pini mpya zinakaa kwenye mfuko wa shati langu. Ombeni, nitawapa. Ya zamani hairudishwi, hata kama inaonekana nzima.

4. Kemu, kile chuma kinachozunguka na kuvisukuma viatu kwenye ngoma, ikicheza kwenye tundu lake, breki inakamata na kuachia. Ipake grisi, lakini kidogo sana. Ikifika kwenye viatu umeharibu kazi. Vumbi la breki usilipulize, linaingia kifuani. Futa kwa kitambaa chenye maji.

5. Ukirudisha gurudumu, alama za kurekebisha mnyororo zilingane pande zote mbili.

Ile Boxer bado iko hapa. Kesho saa moja asubuhi, kabla hujashika spana, utaipanda mpaka barabara kubwa na kurudi, halafu uje uniambie mguu wako umesikia nini.