Swali: Mwalimu wa yoga ananifungua "chakra ya moyo", je nimetoka kwenye Uislamu?

SWALI: Assalaam alaikum sheikh. Nilipoteza mimba ya miezi saba, toka hapo silali vizuri na kifua kinabana. Rafiki akanipeleka darasa la yoga hapa Nairobi, mwalimu akasema chakra yangu ya moyo, yaani kituo cha enaji kifuani, imeziba kwa huzuni, niweke mkono kifuani nitamke "yam" taratibu. Anasema si dini ni sayansi ya enaji, na hata masufi wanayo, wanaita lataif, yaani vituo vya moyo na roho. Kiukweli nimepata nafuu kidogo. Jirani alipojua akasema nimeritadi, nirudie shahada na ndoa imevunjika, na mume wangu sasa ananiangalia kwa mashaka. Nifanyeje?

JIBU: Waalaikumussalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, pole sana, Allah akupe subira na akujaalie badala iliyo bora.

Hujaritadi. Ndoa yako iko palepale. Umeumwa ukatafuta dawa, ukaambiwa ni sayansi ukaamini, na Allah katika Suratul Ahzab ametuondolea lawama kwa tulichokosea bila kukusudia. Huyo jirani amuogope Mola wake, Mtume swalla Llahu alayhi wasallam katuonya kwamba anayemwita mwenzie kafiri neno hilo linamrudia mmoja wao, sasa mtu anapata wapi ujasiri wa kumvunjia ndoa mama aliyetoka kuzika mtoto?

Lakini hilo la "si dini ni sayansi" siwezi kulinyamazia, maana vijana wetu wengi wanalimeza hivi hivi.

Tuwaulize wenyewe. Mwaka 1577 huko Bengal mwanachuoni wa Kihindu anayeitwa Purnananda aliandika kuhusu vituo hivi, sita mwilini na cha juu utosini chenye petali elfu, na andiko lake ndilo jaji Mwingereza wa Calcutta, John Woodroffe, alilitoa kwa Kiingereza mwaka 1919, Wazungu wengi wakajulia hapo. Humo kila kituo ni yungiyungi lenye idadi yake ya petali, herufi yake, mungu wake na mungu wake wa kike. Cha moyo kina petali kumi na mbili, herufi yake ni hiyo hiyo "yam" uliyopewa, na wanaokaa humo ni Isha, ambaye ni sura ya mungu wao Shiva, na mungu wa kike Kakini. Na lengo lote ni kumwamsha Kundalini, mungu wa kike aliyejikunja kama nyoka chini ya uti wa mgongo, apande kituo kwa kituo mpaka akaungane na Shiva juu. Sasa mwanangu hiyo ni ibada ama si ibada? Mimi simtukani Mhindu, na Qur'an imetukataza kuwatukania wanaowaabudu, tena al-Biruni, Mwislamu aliyeandika juu ya India karibu miaka elfu iliyopita, aliwaeleza kwa uadilifu mkubwa. Uadilifu ndio huo, kukiri kwamba kitu chao ni dini yao, siyo kuwavua miungu yao halafu kutuuzia sisi kwa jina la afya.

Na ingekuwa sayansi hesabu ingekuwa moja. Wabudha wa tantra, yaani njia ya ibada za siri, wako wanaohesabu vituo vinne. Najua mwalimu amekuonyesha chati ya rangi za upinde wa mvua, moyo kijani, basi kwenye andiko la Purnananda petali za moyo ni nyekundu, hizo rangi za upinde zimepangwa na watu wa Magharibi karne ya 20. Madaktari wamepasua miili miaka na miaka wameona mishipa, tezi, mapafu, chakra hakuna, na watu wa tantra wenyewe hawakudai kuwa ni nyama, kwao ni mwili wa ndani unaoonwa kwa taamuli.

Hiyo nafuu uliyopata naiamini. Ukivuta pumzi polepole mapigo ya moyo yanatulia, misuli inalegea, hilo Allah kaliweka kwenye kila mwili, halihitaji herufi ya mtu.

Ama lataif, ndio, Manaqshbandi wa India, watu wa tarika ya Kisufi, akiwemo Sheikh Ahmad Sirhindi wamezitaja, qalb yaani moyo wanaiweka chini ya titi la kushoto. Hiyo ni njia ya malezi ya mashekhe, sio aya, na anayeipinga ana haki yake, lakini anayekaa hapo anamtaja Allah peke yake, hapandishi mungu yeyote mgongoni, kwa hiyo kufanana mahali hakufanyi vitu viwili kuwa kimoja, hata mganga na daktari wote wanakushika mkono.

Kwa hiyo acha hilo neno "yam" na itikadi ya chakra, omba maghfira, yamekwisha. Kunyoosha viungo na kupumua endelea, hata Indonesia mwaka 2009 maulamaa walitofautisha hivyo, wakaharamisha yoga yenye mantra, yaani maneno ya kutamkwa kiibada, na ibada wakaacha mazoezi matupu. Mwalimu akikataa kukuacha unyamaze wenzio wakitamka, fanyia nyumbani.

Halafu nenda hospitali. Kukosa usingizi baada ya kupoteza mtoto ni ugonjwa unaotibika, waambie kila kitu na hicho kifua wakipime, na ukipewa kaunsela usione haya. Moyo wako haujaziba mwanangu, una huzuni. Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya watu, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika. Nabii Yaaqub alilia mpaka macho yakawa meupe na hakuna aliyemwambia imani yake imepungua. Na mja akifiwa na mtoto akamhimidi Allah, malaika wanaamrishwa wamjengee nyumba peponi iitwe Baytul Hamd. Usiku ukikosa usingizi soma "Allahumma inni audhu bika minal hammi wal hazan", polepole, pumzi kwa pumzi.

Mumeo msomeshe jibu hili. Wewe bwana, mkeo hana kosa la kumtilia mashaka, na wewe pia umefiwa, sasa kaeni mzungumze kuhusu huyo mtoto, kama hamjampa jina mpeni.

Wallahu aalam.