Kabla hujafungua boksi la glavu, hesabu mikono kwanza

Wadogo zangu makocha, hasa nyie mliopewa timu za shule mwaka huu, Jumamosi nilipita kwenye shule moja hapa Dar nikakuta wenzenu wawili wanafungua maboksi ya vifaa vya besiboli kutoka Japani chini ya mwembe. Glavu hii weka huku, hii kule, mara mmoja akaingiza mkono kwenye glavu ikamgomea, dole gumba halina pa kukaa, akasema "hii mbovu" akaitupa kwenye gunia la makorokoro. Jamani nilisikia tumbo linanikata. Nimeongea nao palepale, lakini najua kuna maboksi mengine yanafunguliwa wiki hii kwingine, ndo maana naandika.

1. Hesabu mikono kabla ya glavu. Wapange watoto, kila mmoja mpe mpira arushe. Usimuulize anatumia mkono gani, MWANGALIE. Ukimuuliza atakujibu kulia, kwa sababu tangu ana miaka miwili anapigwa vikofi akishika tonge kwa kushoto. Anayerusha kwa kulia anavaa glavu ya kudakia kushoto, mwenye mashoto anavaa kulia, na ile glavu "mbovu" ni ya kwake.

Mimi mwaka wangu wa kwanza sikujua hilo. Nilitoka kwenye soka, besiboli nilipewa kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuichukua. Tulipata glavu 22, nikazijaribu moja moja kwa mkono wangu wa kushoto, zilizokaa nikagawa, 4 zilizogoma nikatia kwenye gunia nikalifunga kamba stoo. Sasa timuni kulikuwa na kijana wa kidato cha pili, jina lake nabaki nalo mwenyewe, ana mashoto, mpira ukitoka mkononi kwake unalia hewani kama jiwe la manati. Nikampa glavu kama za wenzake. Akawa anadaka kwa kushoto, anabana glavu kwapani, anauchomoa mkono, anachukua mpira, ndo arushe kwa mkono uleule. Alifanya kwa haraka hadi wenzake wanamshangilia, lakini mkimbiaji hakusubirii kwapa, besi, vile vituo anavyokimbilia, zilikuwa zinaibwa tunatazama. Nikamwambia basi rusha kwa kulia kama wenzako. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Sawa kochi, hata kula nilifundishwa hivyohivyo, nitazoea."

Wiki tatu alikuwa anabaki baada ya mazoezi, peke yake, anarusha kwa kulia ukutani nyuma ya madarasa, mpira unafika umechoka. Nilimwona, nikafurahi, nikasema huyu ana juhudi. Ikaja mechi, iningi ya tatu, yaani awamu ya tatu, mpira ukaviringika kwake vizuri tu, akaudaka, akarusha kwa kulia kwenda besi ya kwanza, ukapita juu kabisa ukaenda kugonga uzio, wakimbiaji wawili wa wapinzani wakafunga. Nikapaza sauti mbele ya timu zote mbili na wazazi: "Una mikono miwili na huna hata mmoja!" Hakujibu. Alimaliza iningi, akaiweka glavu kwenye majani taratibu, akainamia uwanja kama tunavyowafundisha, akaondoka. Jumatatu hakuja, na hakuja tena.

Msimu ukaisha, tunahesabu vifaa, akaja Mjapani mmoja aliyekuwa anajitolea kutusaidia. Akamwaga lile gunia, akaokota glavu moja bado ina karatasi ya dukani ndani, akavaa mkono wa kulia. Ikamkaa. Zote nne zilikuwa za mashoto. Sikulala vizuri usiku ule. Nikamtafuta kijana, nikampelekea glavu na kumwomba msamaha, akaniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho, akaigeuzageuza, akaingiza mkono, akapigapiga mfuko wa glavu kwa ngumi mara mbili, halafu akanirudishia. "Asante kochi, ila nimeshahamia kikapu, kule hawaulizi mkono." Na mnajua pitcha, yule anayemrushia mpigaji mpira, akiwa wa mashoto ni nini: akishika mpira anatazamana na besi ya kwanza uso kwa uso, mkimbiaji hathubutu kusogea. Nilikuwa na huyo mtu nikamfundisha kuwa kilema. Glavu ile ninayo mpaka leo, napaka mafuta kila mwezi.

2. Hamuhitaji glavu za timu mbili. Wanaopiga hawavai glavu, kwa hiyo tisa za wanaodaka uwanjani na za akiba chache zinazunguka, unaiacha kwenye majani mpinzani anaikuta, hata ligi kubwa ya Marekani wachezaji walikuwa wanaacha glavu uwanjani mpaka 1954. Ila wapinzani nao wana mashoto wao, rudi namba 1.

3. Mpira wa raba na mpira wa ngozi ni vitu viwili. Wajapani wanacheza yote mawili na wanatuma vya yote mawili kwenye boksi moja. Ile beti (gongo la kupigia) nzuri yenye tumbo laini kama sponji ni ya raba tu, ukiipiga na ngozi siku moja umeiua. Beti utanunua nyingine, lakini barakoa ya kecha, yule anayedaka nyuma ya mpigaji, iliyotengenezwa kwa ajili ya mpira wa raba usimvalishe mtoto wa watu mkacheza ngozi. Maandishi ya Kijapani hamjui kusoma, piga picha mtumie anayejua, msibahatishe na uso wa mtu.

4. Helmeti tano ndo mwanzo: mpigaji, anayefuata, na wakimbiaji watatu. Chini ya hapo mtakuwa mnavuana helmeti katikati ya mchezo.

5. Joto la Dar na masika linaotesha ukungu kwenye ngozi, msifungie glavu kwenye nailoni, zianike kivulini, weka mpira mfukoni mwa glavu uifunge na tyubu ya baiskeli. Mafuta kidogo sana, na mafuta ya kupikia HAPANA.

6. Kamba moja yenye mafundo inamaliza kazi ya kupima: fundo kwenye mita 18.44 kutoka houmu, anaposimama mpigaji, hadi kwa pitcha, 27.43 kati ya besi na besi, na 38.79 kutoka houmu hadi besi ya pili. Msipime kwa hatua, hatua za kochi mrefu na kochi mfupi hazijawahi kupatana.

7. Mipira inaishia kwa majirani kuliko kwenye beti. Sisi tulikuwa tunapoteza kila wiki, tukalaumu watoto wa mtaani, kumbe bibi mmoja nyuma ya uzio alikuwa anaiokota anaiweka kwenye beseni uvunguni, 11, ameifuta vizuri, anasubiri mtu mzima aje kumsalimia. Hakuna aliyekwenda, tulikuwa tunatuma mtoto anaruka ukuta. Nendeni mkaamkie majirani kabla ya mechi ya kwanza, na wawekeni wadogo wawili kazi yao iwe kufuata faulo tu, yaani mipira inayopigwa nje ya mistari.

Sasa nyie wawili wa Jumamosi, lile gunia msilitupe, wiki hii nakuja tulimwage tena pamoja. Na yule binti aliyekuwa anatungua maembe kwa mawe juu ya vichwa vyenu wakati mnapanga glavu, embe la kwanza kwa jiwe la kwanza, mlimwona anatumia mkono gani? Mwiteni awepo.