Leni ya basi Barabara ya Digo: magari yatapita wapi, na mzigo utashushwa wapi?

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa vitambaa, na duka langu liko Barabara ya Digo, Mombasa, si mbali na soko la Marikiti. Tunasikia mara kwa mara kwamba mitaa ya katikati ya mji inafaa ipangwe upya, mabasi yapewe leni yao na njia za miguu zipanuliwe. Nina maswali matatu. Ikiwa magari hayapiti vizuri hata sasa, yatapitaje leni moja ikichukuliwa? Kwa nini mabasi yasipite katikati ya barabara kama yale ya mwendo wa haraka ya Dar es Salaam, Mwendokasi? Na mzigo wangu utashushwa wapi?

JIBU: Nashukuru kwa barua yako, hasa kwa swali la tatu, ambalo wapangaji wengi hulikumbuka wakati rangi imeshakauka barabarani. Nitayajibu kwa mpangilio wako, ila utaona kwamba yote yananirudisha mahali pamoja, nako ni ukingo wa barabara: nani anasimama pale, kwa muda gani, na anasimama kwa ajili ya nini.

Leni moja ya mjini yenye upana wa mita 3 hadi 3.5, ikitumiwa na magari madogo peke yake, hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa. Leni hiyo hiyo ikitengewa mabasi yanayopita mfululizo huweza kupitisha watu 4,000 hadi 8,000, na njia ya miguu yenye upana kama huo hupitisha zaidi ya 8,000. Hivi ndivyo vipimo vinavyotumiwa katika miongozo ya kimataifa ya usanifu wa mitaa, na sababu yake ni nyepesi: gari dogo linachukua eneo kubwa la lami kwa ajili ya mtu mmoja au wawili. Basi lenye abiria 40 likipita kila nusu dakika limeshapeleka watu 4,800 kwa saa, ingawa kwa mtu aliyekaa ndani ya gari lake kwenye leni ya pili ile leni ya basi inaonekana tupu karibu wakati wote. Utupu huo ndio unaoliwezesha basi kwenda, na ndio unaowaudhi watu hadi wadai leni irudishwe.

Na magari yaliyokuwa yakitumia leni hiyo yatakwenda wapi? Mwaka 1998 watafiti watatu, Cairns, Hass-Klau na Goodwin, walitoa ripoti nchini Uingereza iliyokusanya mifano mingi ya barabara zilizopunguziwa nafasi ya magari, na walikuta kwamba balaa lililotabiriwa mara nyingi halikutokea, kwa kuwa baadhi ya madereva walibadili njia, wengine walibadili saa, na wengine waliacha gari nyumbani. Hata hivyo singependa matokeo hayo yaletwe Mombasa bila kutazama ramani. Sisi tuko kisiwani, na milango yetu mikubwa ni mitatu: Daraja la Nyali, Makupa na kivuko cha Likoni. Anayetoka Likoni kwenda Nyali kwa gari hana budi kukikatiza kisiwa, hata kama hana shughuli yoyote Digo. Kwa hiyo kabla ya kuchukua leni ni lazima ijulikane ni magari mangapi yanakuja Digo na mangapi yanapita tu, na haya ya pili yaonyeshwe njia nyingine iliyo wazi. Mpango usioanza na jambo hilo nisingeuunga mkono, ingawa mimi ni mtu wa mabasi.

Sasa nije kwenye kiini. Msongamano wa mitaa yetu hausababishwi na wingi wa magari yanayopita peke yake. Kwa sehemu kubwa unasababishwa na yale yaliyosimama. Chukua kituo chenye nafasi ya gari moja. Matatu ikiingia, ikashusha na kupakia kwa sekunde 30, kisha ikatumia sekunde 15 kutoka na kumpisha mwenzake, nafasi hiyo moja inaweza kuhudumia magari 80 kwa saa. Kwa kuwa magari hayafiki kwa vipindi sawa, mhandisi mwangalifu huhesabu nusu ya hapo, yaani 40. Matatu 120 kwa saa zitahitaji basi nafasi tatu, ambazo kwa gari la abiria 14 hazizidi mita 25 za ukingo. Lakini matatu hiyo ikisimama dakika tano kungoja kujaa, huku makanga akiita abiria, nafasi moja inahudumia magari 11 tu kwa saa, na zile matatu 120 zinahitaji nafasi 11 hata kabla hatujaweka akiba yoyote. Urefu huo ni zaidi ya mita 75, na mitaa ya mji wetu haina ukingo mtupu wa kiasi hicho. Gari la kumi na mbili litasimama sambamba na wenzake, la kumi na tatu litasimama nyuma yake, na leni itakuwa imegeuka steji, yaani kituo cha matatu kungojea abiria.

Ndiyo maana nasema kwamba rangi nyekundu na maandishi ya BASI hayatoshi. Ukiichora leni ya basi mbele ya steji ya kungojea kujaa, umewapa matatu maegesho mazuri zaidi, si njia. Kungojea kujaa hakuna budi kuhamishwa mwisho wa safari, kwenye kituo kikubwa kilicho nje ya leni, na vituo vya njiani vibaki vya kushusha na kupakia peke yake. Dereva hatakubali hilo kwa kukemewa. Anangoja kwa sababu ana hesabu ya tajiri, mwenye gari, ya kupeleka kila jioni, na kiti kitupu ni hasara yake mwenyewe. Sacco, yaani vyama vya ushirika vya wenye matatu, zikiondosha magari kwa saa, na mapato yakagawanywa kwa mizunguko badala ya kila gari kugombania abiria, sababu ya kungoja itapungua. Hiyo ni kazi ya mazungumzo, na huchukua muda mrefu kuliko kazi ya saruji. Nimeona michoro mizuri ikishindwa kwa kuwa fedha za saruji zilipatikana na subira ya mazungumzo haikupatikana.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la pili. Mwendokasi ilipoanza kazi Mei 2016, mabasi yake yalipewa leni za katikati ya Barabara ya Morogoro, barabara pana, na stesheni zikajengwa kati ya leni hizo, abiria wakipandia milango ya upande wa kulia wa basi. Faida ya katikati ni kwamba hakuna anayeegesha wala kushusha mzigo pale. Lakini matatu zetu zina mlango wa kushoto, na stesheni ya katikati inataka upana ambao mtaa wa kisiwani hauna, pamoja na magari mapya kabisa. Kwa mtaa kama Digo mimi ningechagua leni za kando, nikijua kwamba nimejitwisha ulinzi wa ukingo kila siku.

Nitoe mfano wa vipimo, si wa Digo yenyewe, kwa kuwa kila kipande cha mtaa kinapaswa kupimwa kwa tepu. Tuseme kati ya ukuta na ukuta kuna mita 20. Njia za miguu zinapata mita 4 kila upande, leni mbili za basi mita 3.3 kila moja, na leni moja ya magari mengine, ya upande mmoja tu, mita 3. Zinabaki mita 2.4. Utepe huo ndio akiba ya mtaa: mahali fulani unakuwa jukwaa la kituo, mahali pengine nafasi ya kushushia mzigo, na panapobaki miti. Basi lina upana wa mita 2.5 bila vioo vyake, kwa hiyo ukiibana leni chini ya mita 3 vioo vitagongana na nguzo, na ukiipanua hadi mita 4 au zaidi umemkaribisha mwenye tuktuk apenye ubavuni. Tuktuk nisingeiruhusu ndani ya leni ya basi, kwa sababu husimama popote inapopungiwa mkono. Zipewe vituo kwenye vichochoro vya kando, hatua chache kutoka kituo cha basi, kwani abiria wake mara nyingi ni yule yule aliyeshuka.

Kituo chenyewe kisijengwe kwa kuchimba kihori, yaani nafasi ya basi kuingia pembeni, ndani ya njia ya miguu, kama ilivyo desturi. Gari likiingia kwenye kihori hulazimika kuomba njia ili litoke, na kila safari linapoteza sekunde hizo, mbali na kwamba kihori kinakula nafasi ya watu pale pale wanapokusanyika kwa wingi. Ni bora jukwaa lisogee mbele hadi kwenye leni, na basi lisimame mahali lilipo.

Katika zile mita 4 za miguu, ningegawa sentimita 80 za ukutani kwa ajili ya milango, baraza na bidhaa zinazotoka nje kidogo, mita 2.2 za kutembea ambazo hazitawekwa kitu chochote, na mita 1 ya mwisho kwa nguzo, miti na wachuuzi. Muuza madafu na muuza mabuyu wana wateja kwa sababu watu wanapita pale; ukiwafukuza watarudi, ukiwachorea mahali watakaa. Kivuli nacho kihesabiwe kama kifaa cha usafiri. Mtu hatangoja basi juani mchana wa Februari; atavuka barabara akangoje chini ya kibaraza cha duka lako, na dereva atamfuata huko huko. Mwarobaini mmoja mbele ya kituo utafanya kazi ambayo askari wawili hawaiwezi.

Kuvuka kunahitaji uangalifu zaidi. Katika mfano wangu sehemu ya magari ina upana wa mita 9.6. Kijana anayetembea mita 1.2 kwa sekunde huvuka kwa sekunde 8, ila mama mwenye kapu la Marikiti anayetembea mita 0.8 huhitaji sekunde 12, na taa ipangwe kwa mwendo wake. Zaidi ya hayo, watu wetu hawaji kwa mfululizo sawa. Wanakuja kwa mawimbi, kama wanavyoteremka feri ikitia nanga Likoni, au wanavyotoka misikitini baada ya sala ya Ijumaa, na kivuko cha miguu kilichopimwa kwa wastani wa saa nzima kitafurika katika dakika hizo kumi. Ningependa vivuko viinuliwe hadi usawa wa njia ya miguu. Jiwe la ukingo la sentimita 15 linahitaji mteremko wa mita 1.8 ili kiti cha magurudumu kipite kwa uwiano wa 1 kwa 12, na hamali mwenye mkokoteni atauepuka mteremko mkali kwa kushuka barabarani. Kivuko kilichoinuliwa kinaondoa tatizo hilo na kupunguza mwendo wa magari kwa pamoja. Sharti lake ni mifereji. Ukikiinua bila kuweka wavu wa maji upande wa juu, masika ya kwanza yatakugeuzia kivuko kuwa bwawa, na lawama itapewa wazo zima badala ya fundi.

Sasa mzigo wako. Usikubali mpango unaosema kwamba kushusha mzigo ni marufuku, kwa kuwa marufuku hiyo haitafuatwa hata wiki moja, na lori litasimama ndani ya leni ya basi. Dai mambo mawili yaandikwe kwenye mchoro. La kwanza ni saa: malori yaruhusiwe kusimama hata kwenye leni ya basi kuanzia usiku hadi alfajiri, kabla ya matatu kuzidi, jambo ambalo soko la mboga limelizoea kwa muda mrefu. La pili ni nafasi ya mchana katika ule utepe wa mita 2.4, au kwenye kona ya mtaa wa pembeni, kwa muda usiozidi dakika 20, na kutoka hapo mzigo uende kwa mkokoteni. Robota la vitambaa kusukumwa mita 60 juu ya njia iliyo sawa si taabu kubwa. Taabu ni kulivusha juu ya mitaro na mawe yaliyong'oka, kwa hiyo usawa wa njia ya miguu ni faida yako pia.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti mamlaka juu ya barabara za kaunti, trafiki, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani, ilhali barabara kuu za kitaifa zimebaki kwa serikali ya taifa. Saa za kushusha mzigo na mahali pa steji kwa hiyo ni mambo unayoweza kuyapeleka kwenye kikao cha maoni ya wananchi cha kaunti. Ukienda, usiende mikono mitupu. Wewe na majirani zako andikeni kwa wiki moja kila lori linaloshusha mzigo kwenu, saa lililofika, dakika lilizosimama na mlango lililohudumia, mkitenga Ijumaa na Jumamosi, kwa kuwa siku hizo zina sura yake. Daftari hilo litamwambia mhandisi urefu wa nafasi ya mzigo anayopaswa kuichora mbele ya maduka yenu, na ni taarifa ambayo hawezi kuipata kwa kusimama njia panda akihesabu magari yanayopita.